Bingwa Atafika Lini Ugalla? Ramani ya Njia za Kusomea Udaktari na Udaktari wa Meno

Kama unafuatilia habari za sayansi, huenda jina la Ugalla ulishalisikia kupitia sokwe. Mwaka 2007 watafiti walichapisha ushahidi kwamba sokwe wa Ugalla, magharibi mwa Tanzania, hutumia vijiti kuchimbua mizizi ya mimea ardhini ili waile. Leo tunarudi Ugalla, ila sokwe tunawaacha porini kwao. Tunazungumzia watu.

Ugalla ya leo ni ile kata iliyomo Halmashauri ya Nsimbo, mkoa wa Katavi. Ni nchi ya miombo, mizinga ya nyuki na barabara ambazo masika ikikolea huwa zina maamuzi yake zenyewe. Sasa tuseme ni usiku, mvua inanyesha, na kuna mama ambaye uchungu ulimwanza tangu jana lakini mtoto hashuki. Wataalamu huita hali hii uchungu pingamizi. Dawa yake mara nyingi ni moja tu, upasuaji. Nani aliye karibu amefundishwa kuufanya? Na alifundishwa kwa njia gani?

Wengi wetu tunadhani njia ni moja: unasoma sana, unakuwa daktari, unasoma tena, unakuwa bingwa. Kumbe njia ziko kadhaa. Na umbo la njia yenyewe, yaani inachukua miaka mingapi, unaisomea wapi, na ikiisha inakuacha wapi, linachangia sana kuamua kama usiku ule atakuwepo mtu au hatakuwepo. Twende hatua kwa hatua.

Kwanza tunyooshe majina

Kijijini kila mwenye koti jeupe ni "dokta". Hakuna ubaya, ni heshima. Lakini nyuma ya koti kuna watu tofauti.

Tabibu ni mtu aliyesoma stashahada ya tiba kwa miaka 3 baada ya kidato cha nne au cha sita. Huyu ndiye anayebeba mzigo mkubwa wa zahanati na vituo vya afya nchini. Daktari, kwa maana ya shahada, amesoma chuo kikuu miaka 5, kisha akafanya mwaka 1 wa utarajali hospitalini chini ya usimamizi. Daktari bingwa ni daktari aliyerudi chuoni kuchukua shahada ya uzamili katika fani moja: upasuaji, magonjwa ya wanawake na uzazi, watoto, magonjwa ya ndani, ganzi na usingizi, na kadhalika. Bingwa bobezi ni bingwa aliyechimba zaidi ndani ya fani yake, mfano moyo, figo au ubongo.

Upande wa meno mpangilio unafanana: tabibu wa meno, daktari wa meno, halafu daktari bingwa wa meno.

Neno "stashahada" nalo linachanganya watu. Kwetu mara nyingi ni ngazi iliyo chini ya shahada. Lakini katika tiba kuna stashahada nyingine ambazo mtu huzichukua akiwa tayari ni mtaalamu kazini, ili aongeze ujuzi wa fani moja. Hizi tutazirudia, maana kwa mahali kama Ugalla zina uzito wake.

Njia ndefu: kutoka kidato cha nne hadi ubingwa

Chukua kalamu tupige hesabu. Umemaliza kidato cha nne. Kidato cha tano na sita ni miaka 2, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia. Shahada ya udaktari miaka 5. Utarajali mwaka 1. Hapo unasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na unaweza kuanza kazi. Tumefika miaka 8.

Sasa unataka ubingwa. Wengi hufanya kazi kwanza miaka kadhaa, kwa sababu ya uzoefu na kwa sababu ya ada. Kisha unakwenda Muhimbili kwa miaka 3, au KCMC Moshi ambako ubingwa huchukua miaka 4, au Bugando Mwanza, au kwingine. Ukiongeza ubobezi, hesabu miaka 2 tena. Kwa hiyo kijana aliyetoka Ugalla na miaka 17, mambo yakimwendea vizuri bila kukosa mwaka hata mmoja, atakuwa bingwa akiwa na miaka 30 hivi.

Tazama pia ramani ya safari yenyewe. Muhimbili iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Katavi. Miaka yake yote ya ujana amekaa mjini. Huko ndiko alikopata marafiki, huenda na mwenza, na watoto wameanza shule. Mashine alizozoea ziko huko. Ukimwambia arudi Nsimbo, unamwomba ahame kutoka kwenye maisha yake. Uzalendo anaweza kuwa nao tele, lakini njia aliyopita imemjenga kwa ajili ya mji.

Na asidhani mtu kwamba wote wanakimbilia Ulaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia madaktari wa upasuaji waliohitimu mashariki, kati na kusini mwa Afrika kati ya 1974 na 2013, ulikuta takribani asilimia 85 bado wako katika nchi walizosomea. Kwa hiyo wengi wapo nchini. Swali linalobaki ni wako mji gani.

Njia fupi iliyofungwa

Tanzania iliwahi kuwa na jibu lake kwa swali hilo. Kuanzia mwaka 1963 nchi ilifundisha kada iliyoitwa Daktari Msaidizi, au AMO kama wengi walivyozoea kusema. Mpango ulikuwa rahisi. Unamchukua tabibu ambaye ameshafanya kazi miaka kadhaa, tena mara nyingi kwenye wilaya za mbali. Unamrudisha darasani miaka 2, anajifunza tiba kwa kina pamoja na upasuaji wa dharura: kumtoa mtoto, kufungua tumbo lenye utumbo uliojisokota, kutibu mfupa uliovunjika. Kisha anarudi wilayani.

Je, walikuwa wazuri au tulikuwa tunabana matumizi kwa gharama ya uhai wa akina mama? Swali la haki kabisa. Mwaka 2009 jarida la Health Affairs lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma. Watafiti walilinganisha upasuaji wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi na ule wa madaktari wenye shahada. Walikuta sehemu kubwa ya upasuaji ule ilikuwa mikononi mwa madaktari wasaidizi, na hawakukuta tofauti ya maana katika matokeo wala ubora.

Msumbiji nao walikuwa na kada inayofanana, mafundi wa upasuaji, walioanza kufundishwa mwaka 1984. Huko watafiti waliuliza jambo jingine: baada ya miaka 7 nani bado yupo wilayani? Karibu asilimia 90 ya mafundi wa upasuaji walikuwa bado kwenye hospitali za wilaya. Madaktari wenye shahada waliopangiwa hospitali zile walikuwa wameondoka karibu wote.

Hapo ndipo utaona kazi ya umbo la njia. Njia fupi ilimchukua mtu ambaye tayari ni wa huku, ikamtoa kwa muda mfupi, ikamrudisha akiwa bado ni wa huku.

Lakini njia hii nchini kwetu ilisitishwa katika miaka ya mwisho ya 2010. Hoja haikuwa ya kijinga. Vyuo vikuu vya tiba viliongezeka, madaktari wenye shahada wakawa wengi kuliko zamani, na mgonjwa wa kijijini ana haki ya daktari kamili kama wa mjini. Tena daktari msaidizi mwenyewe alikuwa na malalamiko yake: anafanya kazi ya daktari, lakini cheo na mshahara ni vya ngazi nyingine, na ngazi ya kupanda juu ilikuwa nyembamba. Waliopo bado wanafanya kazi na wengi wao umri unakwenda. Wakistaafu, pengo lao itabidi lizibwe na wanaopita njia ndefu.

Upasuaji ni watu wawili

Hapa kuna kitu ambacho mara nyingi husahaulika. Tukisema "tunahitaji daktari wa upasuaji", tunamwona mtu mmoja mwenye kisu. Lakini hakuna upasuaji bila mtu wa pili, anayempa mgonjwa ganzi au usingizi na kumlinda apumue. Kituo kinaweza kuwa na jengo jipya, taa nzuri na daktari hodari, halafu mama akapewa rufaa kwa sababu mtu wa usingizi ni mmoja na yuko likizo.

Habari njema ni kwamba fani hii ina njia za kati. Muuguzi au tabibu mwenye uzoefu anaweza kusomea utoaji wa ganzi na usingizi kwa muda mfupi zaidi kuliko ubingwa, akarudi kituoni kwake. Ifakara, mkoani Morogoro, waliwahi kufundisha timu nzima kwa miezi 3: wa upasuaji wa uzazi na wa usingizi wanasoma pamoja, wanarudi pamoja. Kimantiki inaeleweka, kwa sababu nusu ya timu haimtoi mtoto.

Nazo zile stashahada nilizosema tutazirudia, mfano wake mzuri uko Moshi. Pale KCMC kuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambacho tangu miaka ya mwanzo ya 1990 kinafundisha matabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Stashahada yake ya juu huchukua miaka 2. Anayehitimu si daktari bingwa, na hajidai kuwa. Ila ukoma anaujua, maambukizi ya ngozi na magonjwa ya zinaa anayajua, na doa la saratani kwenye ngozi ya mtu mwenye ualbino atalishtukia mapema. Kituo hichohicho kimewahi kutengeneza na losheni ya kuwakinga wenye ualbino na jua. Mtu mmoja wa aina hii akiwa katika hospitali ya wilaya anabadilisha mengi.

Chuo kisicho na kuta

Kuna njia ya tatu ambayo wanafunzi wengi wa tiba wenyewe hawaijui vizuri. Mwaka 1999 kilianzishwa Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, kinachojulikana kama COSECSA. Usikitafute kwenye ramani kama unavyotafuta Muhimbili. Hiki hakina kampasi ya wanafunzi.

Kinavyofanya kazi ni hivi: daktari anabaki kwenye hospitali iliyothibitishwa na chuo, analipwa kama mfanyakazi, anafanya upasuaji chini ya bingwa anayemsimamia, na kila upasuaji anaoufanya anauandika kwenye daftari lake la kumbukumbu. Masomo ya nadharia anayapata kwa mtandao. Miaka 2 ya kwanza inampa ngazi ya uanachama, na akiongeza miaka 3 akafaulu mitihani, anakuwa bingwa kamili wa upasuaji. Mitihani ni ileile kwa nchi zote wanachama, kwa hiyo wa Zambia na wa Tanzania wanapimwa kwa kipimo kimoja.

Faida yake kwa mikoa ya pembeni unaiona: mtu anaweza kuwa bingwa bila kuhamia Dar es Salaam. Tatizo nalo liko wazi. Lazima hospitali iwe na bingwa wa kumsimamia. Mkoa usio na mabingwa hauwezi kuzalisha mabingwa, ni kama kutaka mbegu kwenye ghala tupu. Ndiyo maana hospitali ya rufaa ya mkoa iliyojengwa Mpanda ina maana kubwa kuliko idadi ya vitanda vyake. Ikipata mabingwa wachache wanaokaa, inaweza siku moja kuwa mahali pa kufundishia.

Mfano wa nguvu ya mtu anayekaa tunao jirani tu hapo. Dk. Godfrey Mbaruku alifanya kazi hospitali ya mkoa wa Kigoma miaka ya 1980. Yeye na wenzake walirekebisha mambo mengi, mengine madogo tu yaliyotegemea rasilimali zilizokuwepo palepale. Kati ya 1984 na 1991 vifo vya uzazi hospitalini hapo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Mabadiliko ya namna hiyo hayafanywi na mtu aliyekuja kwa wiki moja.

Na meno je?

Meno tunayadharau mpaka yaume. Lakini jino lililooza lina mzizi ndani ya taya, na usaha wake ukishuka chini ya ulimi na shingoni unaweza kuvimba hadi ukaziba njia ya hewa. Watu hufa kwa jino. Wanaookoa maisha hapo ni mabingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, waliopita njia ndefu: shahada ya meno miaka 5, utarajali, kisha uzamili miaka 3.

Ila kabla mambo hayajafika huko, kazi ni ya tabibu wa meno, aliyesoma stashahada miaka 3. Huyu anang'oa, anaziba matundu ya kawaida, anasafisha, na anaelimisha. Elimu hiyo si ya kupuuza. Sehemu nyingi nchini bado kuna imani ya "meno ya plastiki": mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, ufizi wake unachokonolewa kwa kifaa kichafu ili kutoa jino bovu eti linalosababisha ugonjwa. Kinachotolewa ni chipukizi la jino zima la kawaida, na mtoto anabaki na kidonda, damu na maambukizi juu ya kuharisha kwake. Mtaalamu mmoja wa meno anayeaminika wilayani anaweza kuwaokoa watoto wengi kwa maneno tu.

Na hapa kuna jambo la kujivunia. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, watafiti waliohusika na shule ya meno ya Dar es Salaam walianza kujaribu njia ya kuziba meno bila mashine ya kukereza na bila umeme: unaondoa sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha unajaza saruji maalumu inayoshikana na jino na kuachia madini ya floraidi. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa ulimwengu, na mwaka 2021 saruji hiyo ikaingizwa kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Leo njia hii inatumika sehemu nyingi duniani, nayo ilizaliwa kwa kuuliza swali la kijijini: tutafanyaje pasipo na umeme?

Hesabu ya Katavi

Mwaka 2015 tume ya jarida la The Lancet ilipendekeza angalau wataalamu 20 wa upasuaji, uzazi na usingizi kwa kila watu 100,000, na angalau asilimia 80 ya watu waweze kufikia huduma ya upasuaji ndani ya muda wa saa 2. Saa 2 hazikuokotwa. Mama anayevuja damu sana baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya muda huo.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,152,958 Katavi. Fanya hesabu mwenyewe: mkoa ungehitaji wataalamu hao wapatao 230. Na Katavi si mkoa wa kusubiri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 uliuweka wa kwanza nchini kwa mimba za umri mdogo: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Nyonga ambayo haijakomaa ndiyo mojawapo ya vyanzo vya ule uchungu pingamizi tulioanza nao.

Serikali inajaribu. Kuna ufadhili wa masomo ya ubingwa na ubingwa bobezi. Kuna mfumo wa m-mama, ambapo simu ya bure ya 115 huita usafiri wa dharura kwa mjamzito na mtoto mchanga. Na tangu 2024 kambi za madaktari bingwa zimekuwa zikizunguka hospitali za halmashauri. Kambi zinatibu wengi, tena zinamwachia ujuzi daktari wa pale anayesimama pembeni akijifunza. Lakini kambi huondoka, na uchungu hauna ratiba.

Kama wewe ndiye unayetaka kwenda

Tuseme unasoma haya ukiwa kidato cha nne hapo Nsimbo. Usikate tamaa na Fizikia. Ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia ndio unaofungua mlango wa stashahada ya tiba. Ukikosa kidato cha tano, bado hujapotea: tabibu mwenye wastani wa B, au GPA ya 3.0, anaweza kuomba shahada ya udaktari, ilimradi masomo yake ya kidato cha nne, pamoja na Hisabati na Kiingereza, yako sawa. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma mwongozo wa TCU wa mwaka husika, usitegemee ya kuambiwa. Na chuo chochote kinachokuahidi udaktari kwa mkato, kagua usajili wake kabla hujalipa hata shilingi.

Na kama wewe ni mzazi, au unahudhuria mkutano wa kijiji, kuna jambo dogo la kuuliza. Kiongozi akija kutangaza jengo la upasuaji, mpigie makofi, jengo linahitajika. Halafu nyoosha mkono uulize: nani kutoka halmashauri hii yuko masomoni sasa hivi kwa ajili ya jengo hili? Nani atatoa usingizi? Anamaliza lini, na akirudi atakaa nyumba gani?